Baba na Herufi za Njano

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi. Hujambo? Kifua kimepona? Sisi tu wazima, na mimi nina furaha mpaka kalamu inanikimbia.

Barua yako iliniuma. Uliuliza Baba ana kinyongo gani nawe, maana ukipiga simu huitikia tu "eeh, eeh", kisha humpa Mama. Hata sisi alikuwa ametususa. Tukitazama tamthilia, yeye hubaki na cherehani yake chumbani.

Sasa sikiliza. Jana mwanangu, anayeota meno, alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha, nikaona nipunguze sauti ya runinga na kuwasha maandishi ya chini kwenye kile kisanduku cha filamu ulichotutumia. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza pasipo pake, na sauti ya mwanamke ikaanza kusoma kila ninachogusa. Mama akatoka jikoni kuuliza ni mgeni gani huyu asiyejua hata kusalimia. Mtoto akaamka, bila shaka.

Mwishowe maandishi yakatokea, madogo kama sisimizi. Baba alikuwa akipita na pini mdomoni. Akasimama, akasoma, akaketi. Punde akacheka, tena kabla yetu!

Basi akageuka mteja msumbufu. Akaleta futi yake ya kushonea, akapima kutoka kiti hadi runinga, akaamuru herufi za inchi moja, rangi ya njano, nyuma yake kuwe kweusi. Nikabadilisha mara nne mpaka akaridhika.

Mama akamkazia macho. Ndipo akasema, taratibu:

"Miaka miwili nacheka mkicheka. Sikuwa nasikia mnachocheka."

Nililia, Kijiti, sikuficha. Kumbe aliogopa wateja: fundi asiyesikia vipimo, nani atampa kitambaa? Mama alimwambia mficha uchi hazai, na kesho anampeleka kwa daktari wa masikio, apende asipende.

Mama anakusalimu sana, na shangazi pia. Nisalimie mkeo. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Nimempa Baba barua yako. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akanituma neno hili: "Mwambie sina kinyongo. Yote aliyoniambia kwenye simu miaka miwili hii, aniandikie."

Dada yako akupendaye,
Mwenye Rimoti