Chuma Nilichokiita cha Bandia

Jumatatu, Masasi. Baridi ya mwezi wa saba imeshika tangu alfajiri, na huko juu Newala ukungu ulikuwa haujaachia barabara hata jua lilipopanda. Nimerudi sasa hivi. Chakula kiko mezani, sikitamani.

Naona aibu.

Naiandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa ndipo nilipojisifu wiki iliyopita. Niliweka picha za Radi, gitaa la besi la marehemu Mzee Lukasi, nikaandika kama jaji anayesoma hukumu. Watu wa huku wanaijua Radi hata kama hawajawahi kuigusa. Bendi ya mzee ilipopiga harusi, wazee wanasema uliisikia besi kifuani kabla hujaisikia masikioni. Nyimbo zao zilirekodiwa redioni, na mpaka leo ukipita Lisekese utazikuta kwenye simu za vijana wa bodaboda.

Watoto wa mzee walikubaliana gitaa likawekwe kwenye ukumbi wa utamaduni, watu waje kulitazama. Kaka yao mkubwa, Geradi, anayeishi Mtwara, akataka kwanza fundi aseme kipi ni cha asili na kipi kimebadilishwa. Nikaitwa mimi. Mimi natengeneza redio na spika, na magitaa nayajua. Nilifurahi mno kuitwa.

Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jumamosi ile nililipokea gitaa sebuleni kwa Mama Neema, huko Mkunya, Newala. Ni binti wa mzee, aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho na kulitunza gitaa juu ya kabati lake. Ndugu walikuwepo, majirani walikuwepo. Nikaanza kuonyesha kwa bisibisi. Mbao, ya asili. Shingo, ya asili. Sumaku za kunasa sauti, za asili. Vikazio vya nyuzi, vitatu ni vya asili, kimoja cha kuungaunga. Halafu nikafika kwenye daraja, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi. Kiwandani liliwekwa pana, la kung'aa. Hili lilikuwa jembamba, jeusi, limefuliwa kwa nyundo.

Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Hili ni la bandia. Kuna mtu kalitoa la asili."

Geradi akauliza, "Limetolewa lini?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Si zamani sana."

Hakuna aliyemtaja mtu. Waligeuka tu, wote, wakamtazama Mama Neema. Yeye alikuwa ameshika sinia la chai. Aliliweka chini taratibu, akaingia ndani. Mimi nikaendelea kueleza habari za bolti.

Nililichukua gitaa nije nalo Masasi nilirudishie hadhi yake, hayo ndiyo maneno niliyoandika. Nilikuwa na daraja jingine dukani, zuri, linafanana na lile la kiwandani.

Jana baada ya ibada nikafungua kazi. Nikalitoa lile jeusi, nikalishika kwenye mwanga wa dirisha, ndipo nikaona nilichopaswa kukiona mbele ya watu wale. Daraja pana la kwanza lilifunika sehemu kubwa ya mbao. Kama lingekuwa limetolewa juzi, kingo zake zingeacha alama: rangi mbichi, isiyopigwa na jua. Hapakuwa na alama. Mbao yote kuzunguka kile chuma ilikuwa imepauka sawasawa, rangi moja, ya miaka na miaka. Mashimo ya skrubu za zamani yalikuwa yamezibwa kwa gundi iliyokauka hadi kupasuka. Na chuma chenyewe upande mmoja kimelika, kimekuwa laini, pale ambapo kiganja cha mpigaji hukaa.

Kiganja cha Mzee Lukasi. Cha nani mwingine?

Sikutaka kuamini. Nikafunga lile daraja langu la kung'aa, nikapiga. Sauti ilitoka safi, ya kawaida, ya gitaa lolote. Nikawasha wimbo wao mmoja kwenye simu. Humo besi inakoroma, ina mkwaruzo kwenye uzi mnene, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Nikakirudisha kile chuma cheusi. Nikapiga tena.

Ilikoroma.

Basi mzee alilibadilisha daraja mwenyewe, au alibadilishiwa akiwa hai na nguvu zake, kabla ya kurekodi. Radi tunayoijua ni ya chuma kile. Nami nilikuwa nimekiwekea kopo la takataka karibu.

Leo asubuhi nikapanda Mkunya na gitaa. Mama Neema alikuwa anaanika mihogo uani.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba." Hakuniambia karibu.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Rangi ya mbao, gundi, mkwaruzo, yote. Nikasema nilikosea, nikampigia Geradi mbele yake, nikarudia yote kwa sauti kubwa. Geradi akasema, "Basi nisalimie dada." Mama Neema akatikisa kichwa. "Mwambie anisalimie mwenyewe." Geradi akampigia baadaye kidogo. Waliongea Kimakonde, kifupi, nami nikatazama pembeni.

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakujitetea.

"Ningejitetea kwa lipi, baba? Mimi vyuma sivijui. Wewe fundi umesema kimetolewa, na gitaa lilikuwa kwangu. Nikajua kumbe kuna mtu wa humu ndani kanigeuka. Nikampigia Neema, nikamuuliza kama ni wao. Maana yeye na mumewe ndio waliokuwa wakija kunisaidia na mgonjwa."

"Neema akasemaje?"

"Alilia. Akaniuliza, mama, hata wewe? Akakata."

Tangu siku hiyo Neema hapokei simu ya mama yake. Tukampigia pale pale uani, kwa simu ya mama, kisha kwa yangu. Iliita mpaka ikaisha.

Nilidhani nimekosea kuhusu chuma. Chuma kimerudi mahali pake, nimekifunga kwa skrubu zake zile zile. Lakini mama alimshuku mwanawe kwa neno langu, na neno lenyewe nililisema ili nionekane najua.

Andiko la wiki iliyopita silifuti. Nimeandika juu yake kabisa kwamba ni la uongo, na mwongo ni mimi.

Neema anafanya kazi Ndanda, hospitalini. Kesho nitakwenda kumsubiri nje mpaka atoke zamu. Sijui nitaanzaje. Nitaanza kwa kumwambia kwamba neno lile halikuwa la mama yake, lilikuwa langu.