Ncha ya Pili

Dada Zai,

Barua ya kirafiki, tulifundishwa, huanza kwa kuuliza hali. Sikuulizi. Na ya kwangu usiulize.

Nimerudi Nkowe likizo. Korosho Baba kazianika uani. Kitanda chako kapewa shangazi. Kompyuta yako haiwaki tena, fundi wa Nachingwea kasema kila kilichokuwamo kimekwenda. Na mwalimu wako wa chuo alimwambia Baba kwenye simu kwamba kazi yako ya mwisho hukuwahi kumtumia.

Imebaki ile molekuli uliyoifinyanga kwa udongo wa kichuguu na njiti za kiberiti. Nilikuwa napepeta ufuta uliponieleza. "Mwaju, elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Humu mna mbili zilizokosa mwenza, kila moja kwenye ncha yake, zinasikiana kwa mbali kupitia hizi pete za kaboni." Shuleni nakariri kwa Kiingereza, napata vema, sielewi. Kwako nilielewa. Ulisema wengi huzifanya ncha zote mbili zifanane, wewe ulitaka zisifanane: moja ivute zaidi, umeme uegemee huko, ndipo uweze kuchagua molekuli ifyonze mwanga gani, na elektroni zake zielekee pamoja au zipingane.

Kwenye udongo kila mbegu ilisimama badala ya kundi fulani la atomi. Ncha ya kwanza ilikuwa korosho, haikubadilika. Ya pili uliibadilisha kila ulipokokotoa upya. Mara njugu mawe, mara mbegu ya boga. Na kwa kuwa hewa tu huzimaliza molekuli za aina hiyo, ulizizungushia matawi manene, kama Wasukuma wanavyozungushia ng'ombe wao miiba.

Kisha ukaugua figo, ukarudi nyumbani. Ulinipigia shuleni kwa simu ya matroni. "Nimeipata ncha ya pili! Ukija utaiona." Sikuuliza ni nini. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wasichana, nikaona aibu kuongea sana.

Nilikuja. Kwenye msiba wako.

Bibi Somoe, mtani wetu, alikuwa kavaa gauni lako la kitenge, anatembea kwa maringo yako, watu wanacheka huku wanalia. Akaibeba molekuli juu juu. "Elektroni mbili na hata moja haijaolewa, kama mwenyewe! Mlimsomesha huyu, au mlimpeleka Dar akafinyange?" Akaing'oa ile ncha ya pili, akaitupia mdomoni. Nilisikia ikivunjika. Sikuiona. Mtani hanuniwi, Dada, hata mimi nilicheka. Miiba yako ilizuia hewa, haikumzuia Bibi Somoe.

Baada ya arobaini nilipanda bodaboda mpaka kwake Likunja. Mimi, peke yangu, kwenda kuuliza kitu! Nikamuuliza alichotafuna.

"We mjukuu, mie kwenye misiba natafuna vingi, nitakumbuka kipi?" Akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha. Mtani haombi radhi. Alinifungia mihogo.

Nilipofika nyumbani nikakuta Baba ameitengeneza ile molekuli. Alikuwa amechambua korosho zake zote mpaka akapata iliyolingana na ile ya kwanza, kama pacha, akaipachika upande wa pili kwa gundi. "Ilikuwa imeegemea, mwanangu. Sasa imekaa sawa, eti?" Kaiweka juu ya redio, kila mgeni anaonyeshwa. Tangu tukuzike sikuwa nimemwona akitabasamu.

Nikasema, "Eeh, Baba. Imekaa sawa."

Siyo yako, Dada. Ile kuegemea ndiyo ilikuwa kazi yako yote, miaka yako yote, na Baba kainyoosha kwa upendo. Nitamwambiaje? Na nikishamwambia nitaweka nini badala yake? Nimejaribu kila mbegu humu ndani. Njugu inakaa, boga linakaa, hata kifungo cha shati kinakaa. Udongo haukatai kitu. Kinachokataa ni hesabu, na hesabu ulikuwa nazo wewe. Wakati mwingine nawaza labda hukuipata kabisa, labda ilikuwa homa inaongea. Hata hilo sina pa kulipima.

Ulikuwa ukinikataza kubahatisha. "Kama hujui, sema hujui, hapo ndipo pa kuanzia." Dada, mimi sioni kinachoanzia hapa.

Lakini hili nakuahidi. Ya Baba sitaigusa. Na sitaokota mbegu yoyote nikasema hii ndiyo ya Zainabu. Mtu akija kuniuliza ncha ya pili ilikuwa nini, mimi nisiyeweza hata kunyoosha mkono darasani, nitamjibu kwa sauti: sijui.

Lala, Dada yangu. Baba anaipangusa vumbi, namsikia.

Mdogo wako,
Mwaju