Plagi ya Rumen

Vasil, nimetoka kwa Rumen sasa hivi.

Unaikumbuka ile kadi ya michezo ya kompyuta aliyoichagua, kubwa kuliko zote dukani? Tangu asubuhi alikuwa anaikimbiza kupita kasi iliyowekewa kiwandani. Kila akiipandisha kasi anaushika waya wake wa umeme kwa kiganja, kama alivyokuwa akipima nyaya za tramu karakanani.

"Vuguvugu tu," akasema. "Kama mkono unavumilia, hakuna hatari."

Nikamwambia joto la kuogopa limo ndani ya plagi, pale inapoingia kwenye kadi.

"Wewe ulisoma shule ya usiku, bwana. Mimi nilishika nyaya mchana kutwa."

Vuguvugu, Vasil. Hajamaliza kusema, kioo cha kompyuta kikawa cheusi na plastiki ikanuka. Plagi ilikuwa imeyeyuka na kugandana na kadi. Aliing'oa kwa koleo.

Nilidhani ameelewa. Akachukua kisu, akakwangua palipoungua, akaichomeka tena.

Na mkewe Snezhana amelala palepale. Tangu apooze, kitanda chake kiko ubavuni mwa mashine, maana radieta ya kupasha chumba joto wameifunga kubana matumizi. "Mwache mume wangu, jirani," akaniambia. "Inanipasha miguu."

Nikamwomba Rumen angalau amhamishe mkewe chumba. Akanisukuma bega hadi mlangoni.

"Nenda kapumzike, profesa."

Nipo ngazini. Nimemsikia akisukuma komeo, na sasa feni za mashine zimeanza kuvuma tena.