Nafasi ya Mama Kando ya Baba

Taman Seri Rengat,
Barabara ya Shamba la Zamani,
Malaysia.
9 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Mugilan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na hasa kutoka kwa Mama, ambaye amekaa hapa pembeni yangu kuhakikisha kwamba nakusalimu vizuri kabla sijaanza malalamiko. U hali gani? Wifi yangu Hemalatha hajambo? Na Yazhini je, bado anakataa chakula chochote kisicho cheupe? Kikohozi chako tunakisikia kila Jumapili kwenye simu, na kila Jumapili unasema si kitu. Kunywa mchuzi wa pilipili manga. Mkeo anajua kuupika, usimsingizie.

Sisi huku tunaendelea. Mume wangu Segaran anaendesha lori lilelile na kulitukana vilevile. Sikukuu ya taa, Dipavali, tuliisherehekea kwa utulivu, vitafunio vyetu vya muruku vya mwaka huu viliungua kidogo lakini vililiwa vyote. Mama ndiye wa kumwombea. Miguu inavimba, pumzi zinamwishia hata akipanda ngazi za mbele ya nyumba, na daktari anasema moyo umechoka. Ulimi haujachoka.

Utashangaa kupata barua huko ng'ambo wakati tunaongea kila wiki. Lakini unajua simu yetu ilivyo, inawekwa mezani kwa sauti kubwa na Mama anadakia kila neno. Leo miwani yake iko kwa fundi, kwa hiyo naandika kwa uhuru. Nataka uelewe mambo yote tangu mwanzo, kwa sababu mwishoni nina ombi.

Ni habari ya makaburi. Baba yuko kule nyuma ya michikichi, na ubavuni mwake kuna nafasi ambayo Mama ameing'olea majani tangu tulipomzika. Ni yake, na kila mtu hapa anajua hivyo, hata Mjomba Vellaiyan ambaye hajawahi kukubaliana na mtu juu ya kitu chochote. Shamba la mpira lilipouzwa, makaburi yaliuzwa pamoja nalo. Meneja wa enzi zile aliwaonyesha wazee wetu kwa fimbo tu, zikeni pale, na hakuna aliyefikiria kwenda kupaandikisha. Sasa kampuni iliyonunua inataka kujenga maghorofa.

Mambo ya ardhi yako mikononi mwa serikali ya jimbo, na mtu wetu kwenye Baraza la jimbo ni Mheshimiwa Kathirvelu. Kura zetu Watamil ni chache, lakini hapa kwetu ndizo zinazomvusha mtu. Uchaguzi uliopita aliahidi makaburi yatatengwa kisheria. Uliotangulia aliahidi vilevile, na alikuwa na sauti nzuri zaidi.

Utauliza kwa nini hatukumbana. Wewe unajua tulivyo. Mgeni wa heshima akifika hekaluni ngoma zinalia, anavikwa koja la maua, anatandaziwa shali mabegani, na kuanzia hapo ni mgeni. Nani anamhoji mgeni? Anahutubia, anakula wali kwenye jani la mgomba, anapiga picha, anaondoka. Kila mwaka watu walikuja na swali la makaburi mdomoni, na kila mwaka koja likishamkaa shingoni wakalimeza. Makoja yenyewe nafunga mimi, asumini na waridi, na nilikuwa najivunia.

Aliyetuzindua ni dada Halijah, jirani yetu Mmalay anayeuza wali wa nazi asubuhi. Alikuja kudai sufuria yake siku ya kuamkia sikukuu ya mungu wetu wa kike Mariamman, akanikuta katikati ya maua. Akauliza ni ya nani, nikamwambia.

"Yaani hajasema kitu na mnamvika maua? Akishasema je, mtamvika taji?"

Nikamjibu hiyo ni desturi yetu.

"Desturi nzuri," alisema. "Mimi ningekuwa yeye ningekuja kila wiki."

Mama alicheka mpaka nikaogopa pumzi zitamkatikia. Alipotulia alifuta macho akasema, "Vasuki, mwaka huu koja litangoja. Aseme kwanza."

Mjomba Vellaiyan, kama mwenyekiti wa hekalu, nusura azimie. Alikuja mbio mpaka sebuleni kwetu.

"Dada, unataka kunivua nguo mbele ya watu? Huyu ndiye aliyetuwekea paa!"

"Paa linavuja tangu siku ya kwanza," Mama akamjibu. "Na wewe, mwanamume mzima, unamwogopa mtoto uliyemfundisha baiskeli?"

Mjomba aliondoka bila kunywa chai, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu.

Basi Mheshimiwa akafika mchana, jua linachoma, na ngoma zikalia kama kawaida. Alivua viatu, akakunja mikono kifuani, akaja moja kwa moja mbele yangu kwa kuwa anajua ni mimi ninayemvika, na akainamisha shingo. Mimi nikabaki nimeshika sinia lenye koja. Mpiga ngoma mmoja akaacha kupiga, kisha na wengine wakaacha, na yeye bado ameinama, anatazama vidole vyangu vya miguu. Mugilan, nilimhurumia. Mikono yangu yenyewe ilitaka kuinuka kwa mazoea.

"Inua kichwa, mwanangu," Mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Maua yako yapo, hayaendi popote. Kwanza tupe habari za makaburi."

Alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. "Mama, hilo tunalishughulikia. Liko mezani."

"Mezani kwa nani?"

Watu wa nyuma wakaguna, mmoja akacheka waziwazi.

"Mama, serikali ina taratibu zake."

"Nazijua. Nimegema mpira maisha yangu yote, nisijue kungoja? Nakuuliza jambo moja tu. Umewahi kusimama kwenye Baraza ukalisema?"

Nilidhani angetoa hotuba. Badala yake mabega yalimshuka, akasema polepole, "Sijalisema." Kisha yakamtoka. Kwamba mle Barazani Mtamil ni yeye mmoja tu. Kwamba akisimama kwa ajili ya hekalu anaambiwa huyu ni wa Wahindi tu, akisimama kwa ajili ya shule ya Kitamil anaambiwa hivyohivyo, kwa hiyo anapima lini apige kelele na lini anyamaze. Na kwamba kampuni ilikuwa imekwisha kupewa idhini ya mwanzo ya kusafisha eneo lote, makaburi yakiwemo.

"Tangu lini?" akauliza Mjomba Vellaiyan. Ndiyo, Mjomba mwenyewe.

"Tangu kabla ya sikukuu ya mwaka jana."

Mwaka jana nilimvika mimi kwa mikono yangu. Akanishukuru, akaisifu asumini, akakaa akala, huku anajua. Nilimchukia pale, sikufichi. Nilitaka kummwagia sinia kichwani.

Mama hakupaza sauti. Alimwambia kuwa peke yake si kosa lake, kosa lake ni kutuficha. "Ungetuambia tungekuja kukaa nyuma yako. Ungekuwa mmoja vipi?" Koja nikalipeleka ndani nikamvika Mariamman. Mheshimiwa alitaka kuondoka, Mama akakataa. Alisema maua amekosa lakini hakuna anayenyimwa chakula hapa. Akakaa chini na watu wote, akala ameinamia jani lake, na nilimwongezea dengu mimi mwenyewe.

Nimemfikiria sana mtu yule tangu siku hiyo. Mwanzoni nilimwona mwoga tu. Sasa naona na sisi tulimsaidia kuwa mwoga. Tukiwa wachache tunajifunza kutosumbua, tunaita hiyo adabu, na tunawafundisha watoto. Yeye alijifunza somo lilelile tulilojifunza sote, ila alikwenda nalo mpaka ndani ya Baraza, mahali ambapo tulimtuma akasumbue. Sijamsamehe yote, lakini ni vigumu kumchukia mtu unayemwelewa.

Baraza lilipokutana, alisimama. Tulikwenda wengi kwa basi la kukodi, tukajaza viti vya wageni kwa sari zetu za sikukuu. Dada Halijah akaja pia na vifurushi vya wali, maana anasema hawezi kukosa mwisho wa jambo alilolianzisha. Mama hakwenda kwa sababu ya ngazi za Baraza. Mheshimiwa alipoanza tu, wawili watatu wakamzomea, akageuka akatutazama juu. Halafu akaendelea, akawataja waliozikwa kule kwa majina. Jina la Baba lilitajwa mle ndani kwa kipaza sauti, Mugilan. Baba, ambaye karani wa shamba alikuwa akimwita "wewe wa mstari wa tatu". Nililia mpaka askari wa mlangoni akaniletea maji.

Majibu yalikuja wiki iliyopita. Aliyatuletea Mheshimiwa mwenyewe, bila msafara, bila kualikwa, na hii ni mara ya kwanza. Makaburi yaliyopo hayataguswa na yatazungushiwa uzio. Lakini hairuhusiwi kuzika mtu mwingine tena.

Wengine wanashangilia, na wana haki. Baba atabaki alipo. Ila mimi nilimtazama Mama na nikaona ameelewa kabla ya sisi wote. Nafasi anayoing'olea majani miaka yote hii imebaki ndani ya uzio, na yeye amebaki nje.

Nikajaribu kumtuliza. Nikasema kwani lazima kuzika, wengi siku hizi wanachoma, tungeweza kuyapeleka majivu kwa Baba kimyakimya na hakuna atakayejua. Afadhali ningenyamaza.

"Niingie kwa mume wangu kama mwizi, ndani ya chungu? Kwake niliingia kwa mlango wa mbele, zumari zinalia na watu wote wanatazama."

Kisha akamgeukia Mheshimiwa. "Uliza tena."

"Mama, wamekwisha kujibu."

"Wamejibu swali lako. Langu bado. Wao wanadhani ni habari ya wafu tu. Hawajui kama kuna mtu hai anangoja."

Mheshimiwa akasema ataliuliza tena kikao kijacho, mwezi wa tatu. Nilimwamini. Sijui kama nafanya makosa.

Sasa ombi langu. Wewe ndiye kitinda mimba, na kwetu kazi ya mwisho ya mama, ya kumzika, ni ya mwana wa mwisho. Uliniambia mwaka jana kwamba unalimbikiza likizo yako yote kwa ajili ya siku hiyo, usije ukazuiwa kazini. Nililia kwa mapenzi uliponiambia. Juzi neno hilo likaniponyoka mbele ya Mama, na amekasirika mno. Anasema likizo hiyo usimtunzie maiti. Anasema uje mwezi wa tatu, umbebe mgongoni kama alivyokuwa akikubeba akienda kugema, umpandishe ngazi za Baraza, umkalishe viti vya mbele, wamwone mtu wanayemkatalia.

Nilimwambia moyo wake hauwezi safari ile. Akanijibu kwamba kufa nyumbani anaweza siku yoyote. Daktari hataki, Segaran hataki, na mimi naogopa kuliko wote. Lakini nimemwona anavyokaa siku hizi. Tangu alipolisema hilo anakula, anafanya mazoezi ya kusimama huku ameshika meza, na jana alimtuma Halijah amletee sari ya rangi ya kuonekana kwa mbali. Sina ubavu wa kumkataza, na nakuomba na wewe usimkataze.

Msalimie sana Hemalatha, mbusu Yazhini mashavu yote mawili. Mjomba Vellaiyan anakusalimu, na anadai wazo lote la koja lilikuwa lake. Segaran anasema ukija leta soksi nzito za kwenu. Halijah anauliza kama huko wanajua kupika wali. Mariamman akulinde njiani na nyumbani, akuondolee hicho kikohozi, na atukutanishe sote tukiwa wazima.

Mama ameniuliza kama nimemaliza. Anasema nikuandikie kwamba yeye hana haraka ya kwenda popote, lakini wewe uwe nayo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Vasuki