Kanga ya Paskazia Kwenye Kabati la Kioo

Agnetha, nimetoka kwenye maonyesho ya Siku ya Wanawake hapa Segese.

Kanga ya Paskazia! Ile sare tuliyovaa sote siku tulipoandamana kudai wanawake nao washuke duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuchimba. Iko ndani ya kabati la kioo, imepigwa pasi, jina lake chini. JINA LAKE!

Paskazia huyuhuyu aliyewaona mgambo siku ile akakimbilia kujificha kwa mama ntilie! Wa kwanza kushuka na kamba nilikuwa mimi, wanaume wakipayuka eti mwanamke anafukuza dhahabu.

Na yangu? Niliitandika mwaloni, pale kwenye ubao wa kuoshea mchanga wa machimbo, inase punje za dhahabu. Ilipochakaa nikaichoma, nipate punje zilizobaki kwenye nyuzi. Niliichoma mwenyewe, Agnetha! Kwa kiberiti changu!

Binti anayetembeza wageni akaniuliza, "Mama, na wewe ulikuwepo siku ile?"

Kabla sijafungua mdomo, Paskazia, aliyesimama kando ya kabati lake, akadakia: "Huyu? Huyu ndiye aliyetupikia uji."

Uji, Agnetha. UJI!

Watu wakampigia Paskazia makofi.

Na mimi nikapiga.