Soga Hazina Kisanduku

Jumatatu, 3 Machi
Fomu ya tathmini imekamilika! Nimeilea kama yai. Madarasa yote ya mazoezi hapa kituoni sasa yatapimwa: kila hatua ya mpango wa kipindi na kisanduku chake—imefanyika, haikufanyika. Mkuu wa kituo kaisifu, kisha akasema darasa lisilofika nusu ya alama litafutwa. Nikakubali haraka. Sifa zilikuwa zimeniziba masikio.

Mke wangu kauliza kama kuna kisanduku cha kitambi changu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeanza na darasa la wazee. Mama yangu mzazi yumo. Tangu alipoanguka bafuni alikuwa hatoki nje, hata abembelezwe vipi. Darasa hili ndilo lililomtoa.

Lo. Mpango unasema waanze kwa kupasha mwili, dakika tano. Mwalimu kawaacha wapige soga nusu ya kipindi. Nani kapata mjukuu, nani kanuniana na mkwewe. Nami na kalamu yangu: haikufanyika, haikufanyika.

Mama kaniona. Kawaambia wenzake, huyu ndiye aliyekuwa akibebwa kupelekwa shule huku analia, leo kaja kutusahihisha. Wamecheka hadi bibi mmoja kashika ubavu. Hilo nalo halikuwa na kisanduku.

Alama: chini ya nusu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Mama, kwa upole, kwamba darasa lao huenda likafutwa. Kajibu: "Kunyoosha miguu naweza hata kwenye kiti hiki. Kule nafuata watu."

Kiti kile kile ambacho kabla ya darasa alikuwa habanduki. Chai imenishinda.

Nimepitia fomu upya. Inauliza kila kitu isipokuwa kama watu wanarudi. Na wale wazee wanarudi, wiki nenda, wiki rudi. Mtaalamu mzima mimi!

Jumanne, 11 Machi
Nimemwomba Mkuu tuongeze sehemu: mwalimu kabadilisha nini, na kimesaidia au kimeharibu. Kaniuliza, "Mzee, unarekebisha mizani kwa kuwa aliyepimwa ni mama yako?"

Swali limenichoma, maana lina ukweli kidogo. Nikamwambia aje apime mwenyewe, mimi nishike saa tu. Kakubali, kwa fomu ile ile ya zamani.

Nimemsihi Mama: Alhamisi, tafadhali, soga kidogo. "Sawa, baba." Ile "sawa, baba" yake naijua.

Alhamisi, 13 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nyuma ya darasa. Mkuu kaingia na fomu, kasimama wima kama msimamizi wa mtihani. Mama kamsogezea kiti. "Kaa, mwanangu. Mbona mguu unauvuta?"

Kasema si kitu. Kisha kasema ni goti, tangu ahamie ghorofani. Kisha kakaa. Sasa wazee wamemzunguka, kila mmoja na goti lake la kusimulia, naye anasimulia kuwashinda. Dakika tano zimepita zamani. Mwalimu ananitazama mimi, mimi naitazama saa. Kalamu ya Mkuu imedondoka chini ya kiti, wala haitafuti.

Anakunja suruali awaonyeshe goti, na fomu yake bado haina hata alama moja.