Mchele Uliokuwa Ukianikwa Uani Kwako

Mama mpenzi,

Hitma yako imekwisha kusomwa. Majirani zako wa mtaa wa Chuno bado wameketi mikekani, nami nimeombwa niseme machache juu yako. Nimeona vyema niseme nawe, wao wasikie.

Nikifumba macho, uani kwako ni asubuhi isiyokwisha. Mkeka umetandikwa, mchele umemwagwa juu yake, nawe unautandaza kwa kiganja, ukiacha mistari iliyojipinda kama nywele zilizosukwa. "Fukusi hawapendi kutazamwa na jua," ulikuwa ukisema. Mimi na mdogo wangu Sharifa tulilala kifudifudi pembeni tukifukuza kuku. Harufu ya mchele uliopata moto ilitulevya usingizi, na tulipoamka hatukujua kama tumelala kitambo kidogo au utoto mzima. Kisha ulikuja ungo. Kila punje iliyopotoka rangi uliitoa. "Kwangu mgeni hali takataka."

Mama, siku hizi nafanya kazi katika ghala la mchele ulioongezewa virutubishi. Unga wa mchele huchanganywa na vitamini na madini, ukashindiliwa upya kuwa punje, na punje hizo chache hutiwa ndani ya mchele wa kawaida. Zina umanjano kidogo. Madini ya chuma yaliyomo, yanayoongeza damu, ni mavumilivu. Vitamini A ndiyo yenye roho nyepesi: jua huiunguza, joto na unyevu wa pwani yetu huidhoofisha polepole. Mchana kutwa naulinda mchele dhidi ya jua lile lile ulilonifundisha kulipenda.

Sharifa ni mjamzito, na kliniki wamemwambia damu yake ni ndogo. Nilimpelekea mfuko wa mchele huo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta uani kwako, mchele uko juani, ungo magotini, na punje za manjano alizokwisha kuchambua amewatupia kuku.

"Dada, umeniletea mchele mbovu," alisema.

Nilipomweleza punje zile ni za nini na kwamba jua huziharibu, Bi Somoe wa nyumba ya pili alicheka hadi ushungi ukamvuka. "Basi kuku wako watajifungua salama, mwanangu!"

Sharifa hakucheka. Aliendelea kupepeta. "Kwa hiyo Mama alikosea?"

Nilichuchumaa kando yake. Alikuwa ameinamisha shingo vile vile kama wewe, kidole cha shahada kikitembea juu ya ungo, nikaelewa kwamba pale uani alikuwa ameketi nawe, na mimi nimekuja kumwondoa.

"Mama aliujua mchele wake," nilimwambia. "Huu mgeni angeuuliza kwanza unapenda kukaa wapi."

Kivuli cha ukuta kilitufikia. Kisha akaukunja mkeka mwenyewe, akaumimina mchele katika ndoo yenye mfuniko, akaiingiza chumbani, penye giza na ubaridi. Siku hizi anatoa vijiwe tu, anausuuza kwa upole, na punje za manjano anaziacha.

Nakiri kwamba ua ule mtupu wa asubuhi unaniuma. Napita, nasita, natafuta ile harufu, haipo. Lakini juzi kliniki walisema damu ya Sharifa inapanda. Haijafika wanapotaka, inapanda.

Pilau ya hitma hii ameipika yeye, kwa mchele huo. Alinionjesha jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama angeila?"

"Angeila," nilimjibu, "kisha angekuita pembeni akuulize kwa nini hukuchambua."

Tulicheka mpaka ikabidi aketi, mikono tumboni, na mtoto akapiga teke nikaliona juu ya kanga yake.

Masinia yanaingia sasa, Mama. Mungu akulaze mahali pema. Nakuaga nikiwa na njaa, kama nilivyokuwa kila niliporudi kwako.

Binti yako mkubwa